Mwanamvua na Mashine Iliyozama

Chubwi! Mashine ya boti ya Mwanamvua ilichomoka ikazama karibu na gati, na bila mashine hiyo hakuwa na kazi. Akaenda kwa Bwana Zahoro, tajiri pekee mwenye vifaa vya kuzamia.

"Unanunua au unakodi?" Zahoro aliuliza.

"Kununua ni vipi, Bwana?"

"Ng'ombe na ndama wake."

"Na kukodi?"

"Kuku mmoja tu. Ila chochote atakachopandisha mtu aliyevaa vifaa vyangu ni changu."

"Basi nakodi. Kuku ninaye."

Zahoro alimfuata hadi gatini, akicheka moyoni. Akamwona anajifunga kamba kiunoni, na ncha nyingine anaifunga kwenye nguzo.

"Ya nini hiyo?"

"Naogopa mkondo, Bwana. Nikipotea, nani atakurudishia mtungi wako wa hewa?"

"Hapo umenena!"

Mwanamvua akazama. Alipoibuka, mikono ilikuwa mitupu.

"Umepandisha nini?"

"Sijapandisha hata kombe."

"Pole, mwanangu. Lakini kuku harudi!"

Zahoro akapokea miwani, mapezi na mtungi mbele ya watu.

"Hatudaiani, Bwana?"

"Hatudaiani. Nenda salama."

Mwanamvua akajifunga kanga yake vizuri, akaishika ile kamba pale nguzoni, akawaita wanawake wenzake. Wakavuta, wakavuta, hata mashine ikachomoza majini, imefungwa kamba barabara.

"Changu hicho!" Zahoro alipiga kelele.

"Haya, Bwana, tutazame vizuri," alisema Mwanamvua. "Nani hapa amevaa vifaa vyako?"