Mguu wa Kanga na Kocha Asiyetaga

Paukwa!

Pakawa!

"Kanga, mwanangu, mara ya mwisho ulitaga lini?"

Swali hilo aliliuliza Shangazi Mbuni, uwanjani, mbele ya ndege wote. Kila mmoja alitazama kucha zake. Kocha Jogoo akapuliza filimbi, priii! Mazoezi yakaendelea.

Hapo zamani za kale, ndege wa nyikani walishindana mbio za kuzunguka mlima. Kanga alikuwa na mbio, jamani! Kocha wake ndiye huyo Jogoo, bingwa wa kuwika, ambaye maishani mwake hajawahi kutaga hata yai viza.

"Punguza mtama. Mwepesi ndiye mshindi."

Kanga akapunguza. Akakimbia, tifu tifu tifu.

"Punguza tena. Tazama hayo mapaja!"

Akapunguza tena. Mwezi ukaandama, mwezi ukafa, kiota kitupu.

"Kocha, siku hizi sitagi."

"Hongera! Mazoezi yamekolea. Mayai ni mzigo."

"Kocha, muundi wa mguu unaniuma."

"Maumivu ni ya wavivu."

Siku ya mashindano, Kanga mbele, wenzake wanakula vumbi. Tifu tifu tifu... ta! Hakusukumwa, hakujikwaa. Mguu ulivunjika kama ukuni mkavu.

"Bahati mbaya!" akalia Jogoo.

"Bahati gani, wewe?" Shangazi Mbuni akafoka. "Yai na mfupa vinakula chungu kimoja. Chungu kilipokauka, yai lilitangulia kukosekana, likatuonya. Wewe ukasema hongera!"

"Ningejuaje? Hayo mambo ya kike."

"Na mguu? Nao ni mambo ya kike?"

Jogoo akaivua filimbi shingoni.

Kanga akauguzwa kwa Shangazi. Akala mtama, akala kumbikumbi, akala bila kuomba radhi. Asubuhi moja, kiotani, yai!

"Shangazi, sasa nikimbie?"

"Tulia. Mfupa hauharakishwi."

Akatulia. Msimu mwingine akarudi uwanjani na mapaja yake. Akatoka wa tatu, akaenda nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Basi jueni: mkimbiaji asiyeshiba anakula mifupa yake. Mwili ukinyamaza kila mwezi, yai lisije, si ushujaa, ni kilio.

Hadithi yangu imetua mzigo hapa. Nina ombi. Kama kwenu yupo binti anayekimbia, muulize amekula nini, na kama hedhi yake inakuja. Na tafadhali, usitazame kucha.