Mtazama Kifuu

"Mtazama kifuu huzama nacho."

Maneno hayo yalimtoka Bi Mwanamvua akiwa mlangoni, sahani ya mihogo ya kuchemsha mkononi. Alikuwa akiwaangalia vijana watatu waliojazana sebuleni kwake: mjukuu wake Feruzi, na wenzake Tatu na Kheri. Walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Tangu asubuhi simu ya Feruzi ilikuwa katikati ya meza ikihesabu dakika kurudi nyuma, na kila swali jipya lilipofunguliwa, macho yote sita yalikwenda kwanza kwenye simu.

"Kifuu gani tena, Bibi?" Feruzi aliuliza bila kugeuka. "Sisi muda unatukimbia."

"Ndicho hicho hicho ninachokisema."

"Basi alizama nani?" Tatu alidakia.

"Walizama wengi. Sogezeni hayo makaratasi, mle, niwaambie methali hii ilikozaliwa."

Ilizaliwa Kitopeni, akaanza, mji wa zamani katika bonde la mto, ambako watu walilima mpunga kwa maji ya mifereji. Maji hayakutosha wote kwa pamoja, kwa hiyo waliyagawana kwa zamu, na zamu ilipimwa kwa kifuu cha nazi. Walikitoboa kitundu chini, wakakiweka kielee juu ya maji ndani ya beseni la shaba. Maji yalipanda kidogo kidogo kupitia kitundu, na kifuu kilipojaa kikazama, zamu yako ilikuwa imekwisha. Ulifunga mfereji wako, jirani akafungua wake, na hakuna aliyegombana na kifuu.

Wazee wa chuo cha sheria cha mji huo nao walikichukua kifuu wakakifanya kipimo chao. Kila mwaka, baada ya palizi, walipokea wanafunzi wapya. Aliyetaka kuingia aliketi mkekani mbele yao, akasimuliwa kesi mara moja tu. Kisha kifuu kiliwekwa majini mbele ya macho yake, naye alitakiwa aseme nani ana haki, na kwa nini, kabla hakijazama. Aliyefaulu aliingia chuoni, na tangu siku hiyo aliweza kusimama barazani kuwasemea watu wake. Asiyekuwa wa chuo hakuruhusiwa kufungua kinywa humo, hata kama anayedhulumiwa ni yeye mwenyewe.

Chini ya mji kulikuwa na kijiji kiitwacho Mabondeni. Mwaka huo msemaji wao alifariki, na haukupita muda Bwana Mkanga, tajiri aliyelima sehemu za juu, akauziba mfereji wao kwa magogo na udongo. Alijua alifanyalo. Shauri lilipangwa kusikilizwa wiki moja baada ya mtihani wa chuo, na Mabondeni hapakuwa na mtu wa kusema. Mpunga ulikuwa umeanza kugeuka njano kwenye ncha.

Watu walikutana, wakalalamika. Ndipo akasimama kijana mmoja anayeitwa Ngwali. Alisifika kwa mambo mawili: ulimi mkali katika ngoma za kujibizana, na majivuno.

"Nitakwenda mimi," alisema.

"Uende wapi?" mtu mmoja akamcheka. "Wenzako wanajiandaa tangu mwaka jana. Wewe sheria unayoijua ni ya kumtukana mtu kwa vina."

"Nicheke leo. Mwezi ukiandama utakuja kuniomba nikusemee."

Alikwenda moja kwa moja kwa mjomba wake, Shaame. Mzee huyo alikuwa amejaribu mtihani ule mara mbili akashindwa mara mbili, na kwa uchungu wa kushindwa alizikariri kesi zote zilizowahi kuulizwa. Aliingia ndani, akatoka na beseni na kifuu.

"Keti," alisema. "Nitakufundisha kama nilivyofundishwa. Jicho kwenye kifuu, sikio kwangu. Kifuu ndiye adui yako. Adui hageuziwi uso."

Hivyo ndivyo Kitopeni nzima ilivyofundishana. Kila nyumba yenye mtahiniwa ilikuwa na kifuu chake, na kila kijana alifunzwa kukitazama kama paka anavyotazama tundu la panya. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Ngwali alijitupa katika kazi hiyo kwa nguvu zake zote. Alipoona kasi yake haitoshi, alichukua msumari wa moto akakipanua kitundu, ili kifuu kizame upesi zaidi.

"Unafanya nini wewe?" mjomba alishangaa.

"Nikikishinda hiki, chao kitakuwa mchezo."

Kasi aliipata. Tatizo lilikuwa majibu. Siku moja mjomba alimpa kesi ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani. Kifuu kikawekwa, Ngwali akakikodolea macho, na maji yalipofika nusu akapiga kelele: "Mwenye mihogo alipe!"

"Alipe nini?"

"Alipe... mbuzi?"

"Mbuzi ale mihogo yangu, halafu nimlipe yeye? Labda na maji ya kushushia!" Mjomba alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka, kwa kuwa mwezi ulikuwa umebaki mwembamba, mtihani umekaribia, na mpunga wa Mabondeni ulikuwa ukikauka.

Siku zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo. Kila alipokaribia kuipata hoja, jicho liliona maji yakipanda, moyo ukaruka, na hoja ikapotea.

Kana kwamba hilo halikutosha, ukaingia ugonjwa wa macho kijijini. Ngwali aliamka kope zimeshikana, macho mekundu kama pilipili. Dada yake alimwosha kwa maji ya chumvi, akamfunga kitambaa, akamwambia apumzike mpaka yapone.

"Mfereji umepumzika?" Ngwali aliuliza. "Mwite Mjomba."

"Huoni, Ngwali."

"Sikuambiwa nitaulizwa rangi ya kitu. Mwite."

Mjomba akaja, akaguna, akaweka beseni kwa mazoea tu, akasimulia kesi ya ndugu wawili waliorithi shamba moja lenye kisima upande mmoja. Ngwali aliketi na kitambaa chake usoni. Akajiuliza nani alisema nini, lini, na mbele ya nani. Kisha akajibu polepole, neno baada ya neno, akaeleza haki ya mkubwa, haki ya mdogo, na njia ya kufika kisimani ambayo hakuna aliyeitaja. Alipomaliza, hakusikia kitu.

"Kimezama?" aliuliza.

"Bado," alisema mjomba, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kimebakiza kidole."

"Nipe nyingine."

Alipewa nyingine, na nyingine. Kesi za siku tatu alizimaliza zote kifuu kikiwa juu ya maji, na kilikuwa kifuu kile kile cha kitundu kipana. Siku ya nne macho yalipona, akakifungua kitambaa kwa furaha, akakitazama kifuu, akamlipisha tena mwenye mihogo.

Hapo ndipo alipoelewa. Alikaa akilitazama lile beseni kwa hasira, kama mtu aliyegundua kwamba mgeni aliyemkaribisha kila siku ndiye mwizi.

Siku ya mtihani uwanja wa chuo ulijaa. Watahiniwa watano walitangulia kabla yake, vijana waliosoma mwaka mzima. Wa kwanza alijibu haraka akakosea. Wa pili aliganda, kifuu kikasema "chubwi", akaondoka analia. Katika watano, mmoja tu alipita.

Ngwali akaitwa. Alifika mkekani, akawaamkia wazee, kisha akageuka na kuketi, akalipa beseni kisogo. Watu walinong'ona. Mkuu wa chuo, Mzee Mwinchumu, aliinua mkono.

"Kijana, umepotea njia au umekosa adabu?"

"Shikamoo, mzee. Sijapotea."

"Marahaba. Basi geuka. Tangu babu zetu, mtahiniwa huketi akikielekea kifuu."

"Kuna sheria inayosema hivyo, mzee, au ni mazoea?"

Wazee walitazamana. Mmoja alitaka kumfukuza pale pale. Mzee Mwinchumu alifikiri, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akasema, "Ni mazoea."

"Basi niruhusuni. Kifuu mmekiweka nyinyi ili kiwaambie nyinyi muda umekwisha. Mimi nimeitwa kwa ajili ya kesi." Na kwa kuwa hakuweza kujizuia, akaongeza:

*"Chombo chenu tazameni, ninyi mliokiweka;*
*Hoja niachilieni, ndiyo ninayoisaka."*

"Ulimi unao," alisema Mzee Mwinchumu bila kutabasamu. "Tuone kama una masikio. Mtu mmoja aliazima jembe kwa jirani yake ili alimie kabla ya mvua. Jirani akampa. Wakati wa mavuno mwizi alipita, akalikuta jembe barazani kwa yule aliyeazima, alipoliacha mwanawe, akalichukua. Mwenye jembe anadai jembe. Aliyeazima anasema mwizi ndiye alipe. Tena anasema, aliyeliacha nje ni mwanangu, si mimi. Nani alipe? Weka kifuu."

Kifuu kikawekwa.

Uwanja mzima ulikuwa ukilitazama beseni. Maji yalifika robo, yalifika nusu, na kijana amekaa tu kama aliyekuja kuota jua. Mjomba Shaame alikuwa ameivua kofia yake na anaitafuna ukingo. Mwanamke mmoja wa Mabondeni alifumba macho. Bwana Mkanga, aliyekuja kuhakikisha Mabondeni hawapati msemaji, alicheka kwa sauti ili asikike.

"Alipe aliyeazima," Ngwali alisema hatimaye. "Mwizi akikamatwa ataadhibiwa kwa wizi wake, na mtoto atagombezwa na baba yake. Hayo si ya mwenye jembe. Jembe liliazimwa kwa kulima kabla ya mvua. Liliibiwa wakati wa mavuno. Mvua zilikuja zikaisha, mpunga ukapandwa, ukapaliliwa, ukaiva, na jembe la watu bado liko barazani kwake. Siku kazi iliyoliazimia ilipokwisha, alitakiwa alirudishe. Hakulirudisha. Tangu siku hiyo, lolote likilipata ni juu yake, hata angelifungia ndani ya sanduku."

Halafu, nyuma yake, "chubwi."

Mzee Mwinchumu alivuta pumzi. "Watano waliotangulia waliulizwa mambo mepesi kuliko hilo," alisema. "Karibu chuoni."

Wiki moja baadaye Ngwali alisimama barazani kwa niaba ya Mabondeni. Bwana Mkanga aliamriwa ayaondoe magogo yake kwa mikono yake mwenyewe, na mpunga uliokuwa haujafa ukanywa.

"Kumbe ndiyo maana yake!" alisema Kheri. "Usitazame saa."

"Ngoja, mwanangu. Ingekuwa hivyo tu, isingekuwa methali."

Habari za Ngwali zilienea bonde zima. Mwaka uliofuata walikuja watahiniwa tisa, na wote tisa, bila kuambiwa, waliketi wakalipa beseni kisogo. Mafundi wa mji walikuwa wamewauzia hata mikeka yenye alama ya upande wa kukalia! Kesi zikasimuliwa, kifuu kikawekwa. Mmoja alikuwa akigeuza shingo kila mara kama kuku anayesikia mwewe. Mwingine aliuliza, "Kimefika wapi?" Wa tatu alitulia tuli, lakini midomo yake ilikuwa ikihesabu. Saba walianguka.

Walipokuwa wamekaa kando wakilalamika kwamba walifanya kila kitu kama yeye, Ngwali aliwaendea. Siku hizo alikuwa tayari mwanafunzi wa mwaka wa pili, na majivuno yake hayakuwa yamepungua hata kidogo.

"Tulikipa kisogo, ndugu," walimwambia. "Mbona tumezama?"

"Shingo mlizigeuza," alisema. "Nyoyo mliziacha ndani ya beseni. Mimi nilipokaa pale nilikuwa naliona jembe, naiona mvua, nauona mpunga unaiva. Nyinyi mlikuwa mnaona nini?"

Kila mmoja alikijua alichokuwa akikiona. Ngwali aliwatazama mmoja mmoja, kisha akawaambia maneno ambayo bonde lile halikuyasahau:

"Mtazama kifuu huzama nacho."