Kwa Nini Maji Hupita Ndani ya Kikanisa cha Mvungwe

Karibuni, wageni wangu, na poleni na mlima. Vueni viatu, mkunje na suruali kidogo, maana hapa Mvungwe mtu haingii kanisani na miguu mikavu. Mnacheka? Chekeni tu. Hata askofu aliyekuja kubariki bati jipya aliloa, naye akauliza hilo hilo mnalotaka kuuliza. Ketini kwenye benchi niwaeleze.

Zamani hapakuwa na kikanisa. Palikuwa na mteremko wa nyasi, na katikati yake mfereji uliochimbwa na mababu zetu. Kule juu kuna ndiva, yaani bwawa dogo la udongo na mawe. Usiku hujaa, asubuhi hufunguliwa, na maji hushuka kwa zamu: leo mashamba ya huku juu, kesho ya bondeni. Sheria ya mfereji ilikuwa nyepesi kuisema na nzito kuishika: hakuna kugeuza maji mpaka wote wanaoyatumia wameketi na kukubaliana.

Ikaja imani mpya, na watu wa juu wakaipokea kwa moyo wote. Mwalimu wao wa dini alikuwa Sifaeli, mtu mrefu mwenye sauti nene, mzaliwa wa hapa hapa. Aliwasalisha chini ya mwamba, na mvua ikianza walitawanyika kama kuku. Ilimuuma sana. Akasema watajenga nyumba ya mawe, hata kama itawavunja migongo.

Likapigwa baragumu la msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ambayo asiyefika huona aibu kupita njiani. Ilikuwa kiangazi. Ndiva ilikuwa imeachwa wazi ili watu wazoe tope, kwa hiyo mfereji ulikuwa mkavu. Kosa likaanzia hapo. Waliona kingo za mfereji zina mawe mazuri, wakayang'oa. Waliona mtaro umekwisha kuchimbwa, wakaweka msingi humo humo. Maji, walisema, tutayatafutia njia baadaye. Hakuna aliyeshuka bondeni kuuliza. Siwatetei, ingawa babu yangu alikuwa miongoni mwao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Ndiva ilipozibwa tena na kujaa, maji yalishuka, yakagonga ukuta mpya, yakapinda kwenda kwenye majabali na kupotelea huko. Mashamba ya juu hayakukosa kitu, maana yenyewe hunywa kabla maji hayajaufikia ukuta. Lakini bondeni kulikuwa na mjane aitwaye Nakijwa. Magimbi yake yalinyauka, na maharage yakakauka kabla ya kutoa maua. Majirani zake walianza kufunga mizigo washukie tambarare, kwenye joto na mbung'o. Yeye hakutaka kuhama. Mumewe alizikwa kando ya shamba lile, na wajukuu aliokuwa akiwalea walikuwa hawana shamba jingine.

Akapanda mlima kueleza shida yake. Aliwakuta watu wakipokezana mawe huku wakiimba. Akasimama pembeni, akaita, wasimsikie. Siku nyingine alipanda tena, akawakuta wakijifunza nyimbo za sikukuu ya kufungua kanisa. Mama mmoja akamwambia, "Subiri tumalize huu, dada." Wakamaliza huo, wakaanza mwingine. Nakijwa alishuka jua likizama, na mpaka leo nikilisimulia hilo naona haya kana kwamba nilikuwapo.

Siku ya ufunguzi ikaangukia zamu ya bondeni. Kanisa lilikuwa limejaa, watu wamependeza, wali unanukia nje. Nakijwa akaingia na jembe begani. Wakampisha, wakidhani amekuja kubatizwa. Alipofika ndani kidogo ya kizingiti, akakita jembe kwenye sakafu ya udongo, akaanza kuchimba.

Vijana waliruka kumkamata. Sifaeli akawazuia kwa mkono, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amekasirika.

"Mama Nakijwa, unabomoa nyumba ya Mungu!"

"Sibomoi, mwalimu. Nafuata njia ya maji. Ninyi ndio mmejenga juu yake."

"Si ungetuambia?"

"Niliwaambia. Mlikuwa mnaimba."

Kanisa zima likanyamaza. Na katika kimya kile, kwa mara ya kwanza, waliyasikia maji yakiugonga ukuta kwa nje na kukimbilia majabalini.

Mzee Senkondo, mkubwa wa wajenzi, alijaribu kusuluhisha. Akasema kila nyumba imchangie mjane kikapu cha chakula, yaishe. Nakijwa akamjibu kwa adabu, "Ahsante, baba. Na waliokwisha kuhamia tambarare, vikapu vyao mtawapelekea?" Kuyazungusha maji pia hakukuwezekana: upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni kilima, na maji hayapandi mlima. Ama ukuta ubomolewe, ama maji yaingie ndani.

Sifaeli alivua kanzu yake mpya, akaikunja, akaiweka juu ya benchi. Alikuwa analia, wala hakujificha. Akamwomba Nakijwa jembe, akachimba yeye mwenyewe kutoka mlangoni mpaka ukuta wa chini, na babu yangu na wenzake wakang'oa mawe ya msingi, ya kizingitini na ya ukuta wa chini, waliyoyaweka kwa mikono yao. Wengine walikasirika, wakaondoka, na wapo ambao hawakurudi tena. Wali ukapoa. Maji yakaingia mlangoni na tope lake, yakapita kati ya mabenchi, yakatokea upande wa pili. Nakijwa hakungoja kuombwa radhi. Alikuwa amekwisha kutoka mbio, anashuka kando ya mfereji akayafungulie magimbi yake.

Na tangu siku hiyo, maji ya zamu ya bondeni hupita humu ndani, na kila aingiaye huyavuka. Yakifika kizingitini, mhubiri hukatiza, kwaya hukatiza, hata bwana harusi aliye katikati ya kiapo husubiri. Wageni hudhani tunayaheshimu maji. Sisi tunasikiliza tu, kama kuna mtu anayeita kutoka chini.