Ng'ombe Aliyemngoja Mwatumu

Paukwa!

Pakawa!

Kinababa, mbona mnaitikia puani? Hadithi yangu hailiwi na wavivu. Tena! Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Wewe Fumu, mwache dada yako asikie.

Hapo zamani za kale palikuwa na Ng'ombe. Ng'ombe alikuwa na ndama mmoja, na alikuwa na Mwatumu. Mwatumu alikuwa mke wa Kombo, na ndiye aliyemkama kila asubuhi. Alikuja na kibuyu alichopewa na mama yake siku ya harusi. Alikuja na uso wa bashasha, akiimba:

*Shuka, maziwa, shuka,*
*mtoto kwanza, mama baadaye.*

Ndama ananyonya kwanza. Kisha Mwatumu anakama, chwaa, chwaa, chwaa, kibuyu kinajaa. Akimaliza, anaegemeza paji la uso wake kwenye paji la Ng'ombe. Wanakaa hivyo kidogo. Ng'ombe alikuwa anaipenda saa hiyo kuliko majani mabichi.

Siku moja ukaja ujumbe: mama yake Mwatumu yu mgonjwa, tena huko mbali. Mwatumu akafunga bunda lake, kibuyu akakitia ndani. Akapita zizini. "Ng'ombe wangu, nakwenda kumwuguza mama. Nitarudi."

Akaenda. Akaenda, akaenda, hata njia ikawa tupu.

Ng'ombe akabaki anaitazama njia. Anakula, anatazama njia. Anacheua, anatazama njia. "Mbuuu! Namtaka Mwatumu wangu!" Hata majani yakamkinaisha.

Sasa mgongoni mwa Ng'ombe alikaa Yangeyange, ndege mweupe, miguu mirefu, mdomo mrefu zaidi. Mjuzi wa kila kitu! Akasema, "Usiwe na wasiwasi, shoga. Macho yako yanaangalia majani, yangu yanaangalia watu. Nyuso za binadamu nazijua. Uso wa bashasha, mwanamke. Uso wa ndita, mwanamume. Basi, hakuna zaidi. Mwatumu akija, nitakuambia."

"Utaniambia kweli?"

"Thubutu nisikwambie!"

Asubuhi akaja Kombo na ndoo. Maskini Kombo, hajapata kukama tangu azaliwe. Amefunga kanga ya mkewe kiunoni, labda Ng'ombe atadanganyika. Usimcheke, Fumu, hata babu yako amewahi kuifunga. Lakini uso wake ulikuwa na ndita tele, kwa mawazo.

Yangeyange akapiga kelele, "Ndita hizo! Mwanamume huyo!"

Ng'ombe akarusha teke. Paa! Ndoo kule, Kombo huku.

Siku ya pili, paa! Siku ya tatu, paa! Jirani yake akamwambia, "Kombo, umkunjie uso namna hiyo akupe maziwa? Mimi mwenyewe ningekupiga teke. Mchekee!"

Kombo akainama juu ya mtungi wa maji, akajifundisha kucheka. Mdomo ukapanda upande mmoja, ukashuka. Akaupandisha tena. Ulipokaa sawa, akatoka nao mbiombio asije akaumwaga njiani.

"Bashasha!" akalia Yangeyange. "Mwanamke huyo! Shoga, Mwatumu amerudi!"

Moyo wa Ng'ombe ukaruka. Maziwa yakashuka, chwaa, chwaa. Lakini mikono ilikuwa migumu. Wimbo haukuwapo. Na paji la uso halikuletwa. Ng'ombe akaona. Alikuwa amemngoja Mwatumu mno hata hakutaka kuuliza.

Paka wa nyumbani akapita, mkia juu. "Huyo ni Kombo," akasema.

"Amecheka!" akasema Yangeyange.

"Amecheka hapa. Jana nililala mapajani pake, akalia hata manyoya yangu yakalowa. Anamkumbuka mkewe."

"Mwanamume analia? Lo! Paka, umelewa maziwa."

"Usilolijua ni usiku wa kiza," akasema Paka, akaenda zake kuota jua.

Kombo akaja na kicheko chake kila siku. Ng'ombe akatoa maziwa kila siku. Na Kombo akiondoka, Ng'ombe alikuwa anageuka tena kuitazama njia. Mwenyewe hakujua anamtazamia nani, maana si ameambiwa Mwatumu amekwisha rudi?

Asubuhi moja njiani akatokea mtu na bunda. Hakwenda nyumbani kwanza. Hakunawa miguu. Alikwenda moja kwa moja zizini, na kibuyu mkononi. Alikuwa Mwatumu, ametoka kumzika mama yake. Uso wake ulikuwa na ndita tupu, midomo imebanwa, na wimbo haupo. Alichotaka ni kuegemeza paji lake pale alipozoea. Basi.

"Ndita!" akalia Yangeyange. "Mwanamume! Mgeni! Mwizi! Piga, shoga!"

Paa!

Mwatumu chini, matopeni. Kibuyu kikagonga jiwe, kikapasuka vipande viwili. Mwatumu akavitazama vile vipande vya kibuyu cha mama yake. "Hata wewe, Ng'ombe wangu?" Akainuka, akaingia ndani. Ikapita siku moja hajatoka, siku ya pili hajatoka, siku ya tatu hajatoka.

Paka akaja, safari hii mkia chini. "Unajua umempiga nani?"

"Mwanamume," akasema Ng'ombe. "Mwizi."

"Umempiga Mwatumu. Amefiwa na mama yake. Sasa amelala ameuelekea ukuta."

Jamani! Maskini Ng'ombe! Siku zote hizo amemngoja, na alipokuja akampokea kwa teke! "Mbuuu! Mbuuu!" Akaikata kamba, tap! Akaenda mpaka mlangoni kwa Mwatumu, akasimama, ndama nyuma yake. Jua likampiga, hakuondoka.

Mlango ukalia kwiii. Mwatumu akatoka. Ndita zile zile.

"Shoga, angalia!" akalia Yangeyange. "Ni yule mwana..."

Ng'ombe akautikisa mgongo, puu! Yangeyange akaanguka kifudifudi. Kisha Ng'ombe akafumba macho yake yote mawili, asiuone uso. Akanyoosha pua, akanusa mkono. Moshi wa kuni. Mafuta ya nazi, harufu ile ile ya kila asubuhi. Ndiye! Akaegemeza paji lake kwenye paji la Mwatumu, polepole, akangoja.

Mwatumu akamkumbatia shingo. Akajaribu kuimba. "*Shuka, maziwa, shuka... mtoto kwanza...*" Akafika kwenye neno "mama", sauti ikakatika. Akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata mazikoni.

Na wimbo haujamalizika, na kibuyu hakipo, na ndoo haipo, maziwa yakashuka yenyewe. Chwaa, chwaa, chwaa, chini, mchangani, mlangoni kwa Mwatumu.

Kombo akaja mbio. Anacheka na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Yangeyange akamtazama kwa jicho la kulia, akamtazama kwa jicho la kushoto. "Sasa huyu ni mwanamke au mwanamume?"

"Huyo ni Kombo," akasema Paka.

Ndiyo maana mpaka leo ukimkaribia ng'ombe, atakunusa mkono kwanza. Uso atautazama baadaye.

Nanyi mlioketi hapa, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Machozi si ya wanawake tu, wala ndita si za wanaume tu. Uso ni wa siku moja, mtu ni wa siku zote. Umpendaye akikujia na uso usioujua, msogelee kwanza.

Hadithi yangu imefika mlangoni kwa Mwatumu, na hapo ndipo inapoishia. Fumu, mbona unajifuta macho? Njoo hapa kwa bibi yako, njoo.