Tathmini ya Mizinga Isiyo na Nyuki

Mpenda sifa za bure, hashibi sahani yake;
Usimchezee shere, mpe tele aridhike.

Mkurugenzi Lufingo, wa shirika moja la kimataifa, aligawa vijijini mizinga mia tatu, na hakuna nyuki aliyekubali kuhamia. Mtathmini, Bi Mwanakheri, alipoyaandika hayo kwenye rasimu ya ripoti, Lufingo alimwita ofisini.

"Bibie, andika kuwa mradi umefaulu, ama mkataba wako uishe leo."

"Umefaulu kiasi gani, Mheshimiwa? Nusu?"

"Nusu? Mia kwa mia!"

"Basi niseme wanakijiji bado wanatuhitaji kidogo?"

"Futa hicho kidogo! Wanajiendesha wenyewe."

"Hata pasipo uongozi wako? Hapo nachelea kutia chumvi."

"Itie! Kiongozi bora huonekana hapo."

Ripoti ilipoandikwa hivyo, Lufingo akatia saini kila ukurasa, akaituma mwenyewe makao makuu.

Jibu lilikuja baada ya wiki moja. Makao makuu yalimpongeza Mkurugenzi kwa dhati. Na kwa kuwa wanakijiji hawamhitaji tena, yaliamuru ofisi yake ifungwe, na mtathmini aongezewe mkataba wa mwaka mmoja ili athibitishe kama mafanikio hayo yanadumu.

Lufingo alifungasha virago. Mwanakheri alibaki kazini.