Mbuzi Aliyesifiwa na Mwalimu

Bisheni. Nimesema bisheni sasa hivi, maana nikimaliza hamtakuwa na mdomo wa kubishia. Hapa hapa Kilosa kuna mbuzi aliyefanya zoezi la chuo cha ubunifu akapata alama kuwazidi binadamu. Unacheka? Mimi niliishia darasa la saba, na bado nina habari ambazo wewe na vyeti vyako huna. Kaa vizuri.

Walikuwa watatu, wa mtaa mmoja. Mwasiti alikuwa na jicho la rangi: mpe vitambaa viwili, atakwambia vitapatana au vitagombana. Chande alikuwa na mkono wa herufi. Magari ya mikate yote mjini kayaandika yeye, na hakuna herufi iliyolegea. Tunu alikuwa na subira. Huyo alisoma maelekezo ya kitu chochote mpaka mwisho, hata ya dawa ya mbu.

Wakajiandikisha chuo kimoja cha mtandaoni cha kusanifu mabango na vitambaa. Ili Mwasiti apate ada, mama yake aliuza cherehani, na cherehani ndiyo iliyokuwa inawalisha.

"Kasome, mwanangu," mama alisema. "Utaninunulia kubwa zaidi."

Basi njoo umwone mwalimu! Mwalimu Eliakimu yumo kwenye video, kishale chake cha kompyuta kinakimbia huku na huku kama kuku aliyeona mwewe, na yeye anasema, "Kama mnavyoona." Nani aone? Vitufe alivyokuwa akivibonyeza vilikuwa vya programu ya zamani. Kwenye kompyuta waliyoazima havikuwapo. Ukiuliza swali, kimya.

Mwasiti akatengeneza bango la kliniki ya wajawazito, akalifuta, akalitengeneza upya, akalituma. Jibu: "Kazi nzuri. Ongeza ubunifu." Akafurahi, akaongeza. Jibu: "Kazi nzuri. Ongeza ubunifu." Akawaonyesha wenzake. Kumbe nao wamepewa maneno hayo hayo.

"Huyu mtu hafungui kazi zetu," Chande akasema.

"Acha hizo, Chande. Mwalimu mzima?" Mwasiti akabisha.

"Haya, ngoja uone."

Akampiga picha mbuzi wa pembe moja, yuko jalalani anatafuna gunia, akaituma kama zoezi la nembo ya benki. Jibu: "Kazi nzuri. Ongeza ubunifu." Na alama juu, kulizidi bango la Mwasiti.

Chande alicheka mpaka akakaa chini. Tunu naye mbavu hana. Mwasiti hakucheka. Alikuwa anaiona ile pembe ya chumba ilipokuwa cherehani, na mama sasa anaweka ndoo pale ili pasionekane patupu. Akasema polepole, "Amenisifu, hajanitazama."

Tangu hapo video wakazizima. Karakana moja ya kanga Morogoro ilikuwa imetangaza shindano, na zawadi yake ni kuchukuliwa kujifunza kazi hapo hapo karakanani. Wakaingia pamoja.

Tunu akatoa subira yake. Alisoma maelekezo ya programu ukurasa kwa ukurasa, akawafundisha wenzake kila kitufe, akatenganisha kila rangi peke yake kama karakana ilivyotaka. Bila yeye, kanga ingebaki kichwani.

Chande akatoa mkono wake. Alichora mji wa kanga, ile picha ya katikati: yule mbuzi wa pembe moja, kageuza shingo anatazama kando. Chini yake akaandika jina la kanga, yaani maneno yake, herufi zimesimama kama askari. Na bila ujeuri wake wa kumtuma mbuzi, wangekuwa bado wanaongeza ubunifu.

Mwasiti akatoa jicho lake. Pindo ni lake, rangi ni zake, na lile jina lilikuwa uchungu wake mwenyewe: UMENISIFU HUJANITAZAMA. Bila hayo, kanga ingekuwa kitambaa tu.

Wakaituma karakanani. Kwa ukorofi wakamtumia na mwalimu. Mnajua alivyojibu, msinichoshe.

Karakana nayo ikajibu, kwenye simu ya Mwasiti: kanga yenu imeshinda, nafasi ni ya mtu mmoja, mtajeni kabla ya Ijumaa.

Mwasiti akakaa na simu mapajani, akawaza. Nikimtaja Tunu, ndiye aliyetufundisha badala ya mwalimu. Nikimtaja Chande, ndiye aliyetufumbua macho. Nikijitaja mimi, kanga inasema maneno yangu, na mama anaweka ndoo pembeni.

Haya, nyie mnaojua kila kitu: nafasi ni ya nani? Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika nani?

Mnanong'ona. Nong'oneni tu, ila kuna sehemu nimeiruka. Mwasiti hajawaambia wenzake. Kila asubuhi Tunu anamuuliza, "Shoga, wamejibu?" Naye anasema, "Bado, kimya." Kimya kile kile cha Mwalimu Eliakimu.

Nimejuaje? Mwasiti ni dada yangu, na cherehani ile ilikuwa ya mama yetu. Aliniambia nisimwambie mtu. Nimejaribu, jamani. Lakini kesho ndiyo Ijumaa, na wale wawili wamekaa pale nyuma, wananisikiliza tangu nianze.

Msigeuke wote kwa pamoja! Chande, kaa. Tunu, jamani, unakwenda wapi? Hawa niliowauliza hawajajibu bado.