Kiganja cha Kijani cha Golikipa wa Tokinami

Ingieni ndani jamani, msisimame mlangoni mkatuletea baridi. Mitungi hii inachukia baridi kuliko mimi. Nawe Nagamine, usijifiche nyuma ya mashabiki wako, nimekwisha kukuona. Nimesikia pia ulichosema jana. Umesema wewe ni golikipa wa kulipwa, umedakia klabu tatu kubwa, iweje usajiliwe Tokinami halafu ukabidhiwe mwiko ukoroge rangi kama mpika uji. Umesema tena jezi ya njano uliyopewa haina kitu mgongoni, wakati makipa wote waliokutangulia walikuwa na alama ya kiganja cha kijani. Maswali mazuri hayo. Nitayajibu mbele ya watu, maana chanzo cha yote ni mimi Yasoji, na mtu wa miaka themanini na minne hana tena cha kuonea haya.

Zamani, jezi ya Tokinami haikuwa ya buluu. Tulicheza na mashati meupe pe. Cheka tu, wewe mama wa skafu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mji mzima ulikuwa wa watia rangi ya nili. Kila nyumba ya barabara hii ilikuwa na mitungi iliyofukiwa ardhini mpaka shingoni, na ukishikana mkono na mtu wa hapa ulijua kazi yake kwa kutazama kucha. Ila nguo ya buluu ilikuwa ya kwenda kuuzwa huko mbali. Mtia rangi mwenyewe alivaa kitambaa cheupe chenye kasoro, kile kilichokataliwa kabla ya kuchovywa. Tulipoanzisha timu, sisi vijana wa karakana, tulivaa tulichokuwa nacho. Miji mingine ikatuita Mashuka. Tukalikubali jina, tukawafunga magoli nalo.

Mimi nilikuwa kipa, na kipa ni lazima atofautiane na wenzake, kwa hiyo nilivaa jezi ya njano aliyonishonea shangazi yangu. Nilikuwa pia katibu wa timu. Si kwa akili, la. Nilikuwa na mwandiko mzuri tu.

Mwaka mmoja tukafika mechi ya mwisho ya ligi ya mkoa. Atakayeshinda anapanda daraja, na hakuna timu ya bonde hili iliyokuwa imewahi kupanda. Wageni wetu walikuwa timu ya kiwanda cha saruji, watu wa mjini, wamelishwa wakashiba. Wiki mbili kabla ya mechi nikapokea barua ya wasimamizi wa ligi. Ilisema hivi: wageni wanavaa nyeupe, na kwa kanuni mwenyeji ndiye anayebadilisha. Mwenyeji asiyekuwa na rangi nyingine saa ya kuanza hatacheza, na ushindi utakwenda kwa mgeni. Nilipofika hapo damu ikanichemka. Nani huyo wa kuwaambia watu wa Tokinami wavae nini? Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni mwa koti, nikasema nitawaeleza wenzangu kesho. Kesho ikawa kesho kutwa, na mimi nikasahau kabisa. Sina kisingizio, sikuwa nacho siku ile wala leo sinacho.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, theluji imerundikana kando ya njia. Saa nne asubuhi wageni wakashuka kwenye treni, na wakati wanapasha misuli moto tukawaona wamevaa mashati meupe kuliko yetu. Refa akamwita Genkichi, nahodha wetu, akamuuliza rangi ya pili iko wapi. Genkichi akanigeukia. Nikatia mkono mfukoni, nikaigusa barua, na nikatamani ardhi ipasuke.

"Mechi ni saa saba," refa akasema. "Mna saa tatu."

Maduka yalikuwa yamefungwa. Nguo za mazoezi nyeupe, mashati ya akiba meupe, hata vitambaa vya kufutia viatu vyeupe! Mji wa watia rangi, na hatukuwa na uzi wenye rangi. Mtaniuliza, mitungi je? Wakati wa baridi mitungi ilikuwa mitupu. Watu walitia rangi kuanzia majira ya kuchipua, na baridi ikianza walimwaga wakasubiri mwaka mwingine. Mtungi uliokuwa hai ulikuwa mmoja tu, wa Bibi Fumie, mjane wa nyumba hii hii tuliyokaa.

Ninasema hai, na sifanyi mzaha. Rangi hii ni majani ya nili yaliyooza, maji ya majivu, chokaa na pumba za ngano, na vikikaa pamoja vinaamka, vinapumua, vinashikwa na njaa. Rangi ikiwa na afya, povu la zambarau linajikusanya katikati ya mtungi. Tunaliita ua. Ua likitoweka, mtungi unaumwa. Mume wa Bibi Fumie aliuamsha mtungi ule mwaka waliooana. Alipofariki, mjane hakuumwaga tena. Miaka ishirini na miwili aliutilia makaa pembeni usiku na mchana, akaulisha pumba, akaufunika kama mtoto mwenye homa. Kila kitu cha mumewe kilikuwa kimekwisha kuchakaa isipokuwa rangi ile. Na wakati wa baridi hakuchovya humo zaidi ya leso moja, kisha akaupumzisha siku tatu. Kuchovya humo mashati mazito kumi kwa mpigo ilikuwa ni kuuua. Alilijua hilo yeye, na sisi sote tulilijua.

Genkichi nami tukaja tukapiga magoti hapo unaposimama wewe, Nagamine. Genkichi, jitu la miraba minne, alinisukuma mbele kwa kiwiko. Nikasema mimi. Nikamweleza habari ya barua, na kiburi changu, na mfuko wa koti. Sikuficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake midogo imetulia magotini, ya buluu mpaka viwikoni.

"Mashati mangapi?" akauliza.

"Kumi, mama. Langu ni la njano, halina neno."

Aliutazama mtungi. Akapapasa ukingo wake. Kisha akasema, "Yaleteni. Na mtangulie kuyaloweka kwenye maji ya vuguvugu, msije mkanichafulia rangi." Tulipogeuka kutoka, alikuwa ameinama juu ya mtungi anasema nao kwa sauti ya chini. Sikusikia alichosema, na sikuwahi kumuuliza.

Sasa, shati likitoka kwenye nili haliwi buluu. Linatoka la kijani kama mchicha, na linageuka likipigwa na upepo. Hatukuwa na muda wa kuanika. Wenzangu wakayatundika mashati kwenye mianzi, wakayanyanyua juu, wakakimbia nayo barabara nzima kuelekea uwanjani. Loo! Watu walitoka majumbani wakiwa na vijiti vya kulia wali mikononi. Pale penye duka la maharage ya tofu yalikuwa bado kijani. Penye posta yalikuwa yameanza kubadilika. Walipovuka daraja yalikuwa buluu, buluu ya Tokinami, ikiruka juu ya theluji, na wazee waliotia rangi maisha yao yote wakasimama wanalia waziwazi. Walikuwa hawajawahi kuiona rangi yao ikivaliwa na watoto wao. Mawingu hayo yaliyomo kwenye jezi zenu leo, hapa yamekolea na pale yamefifia, wala hayakubuniwa na mchoraji yeyote. Ni alama za vidole vyetu tulipokuwa tunakamua kwa pupa.

Tulicheza na nguo mbichi zilizoganda mabegani. Kila mgeni aliyemkaba mtu wetu aliondoka na buluu kifuani, na kufika mapumziko wale jamaa wa saruji walikuwa na madoa kama chui. Mimi niliokoa mipira minne. Genkichi alikuwa akisema mitatu, Mungu amrehemu, lakini yeye hakuwa golini. Dakika ya sabini na moja akaupiga kichwa mpira wa kona, ukaingia. Moja bila. Tulipopeana mikono mwishoni, refa aliandika ripoti yake kwa vidole vya buluu. Tukapanda daraja. Bonde lote lilipiga kelele, na hakuna aliyetuita Mashuka tena mpaka hii leo.

Tukaja hapa mbio kumshukuru bibi. Tulimkuta ameketi kando ya mtungi, na kabla hajasema neno harufu ikatupokea mlangoni. Rangi iliyo hai ina harufu yake, na hiyo haikuwepo. Maji yalikuwa kahawia, yametulia tuli. Ua halikuwepo.

"Mmeshinda?" akauliza.

"Tumeshinda, mama."

"Vizuri. Hayo mashati msiyafue kwa sabuni." Akatugeuzia mgongo.

Wenzangu walikwenda kwenye sherehe. Mimi nilikwenda nyumbani. Asubuhi yake nikarudi nikaomba mwiko. Akanitolea macho. "Mkono uliosahau barua ndio uje unikorogee? Hebu niondokee!" Nikaenda. Kesho yake nikarudi, akanifukuza. Siku ya tatu hakunifukuza wala hakunikaribisha. Alisogeza tu mwiko wa mwanzi kwa mguu.

Nikakoroga asubuhi kabla ya kazi, nikakoroga jioni baada ya mazoezi. Unakwenda taratibu, unafika chini kabisa, unainua bila kuingiza upepo. Mara ya kwanza alinipiga kofi mkononi kwa kuingiza upepo. Genkichi na wengine walileta makaa, pumba na pombe ya mchele, maana mtungi mgonjwa hupewa tone la pombe kama mzee yeyote. Bibi alichovya kidole, akaonja, akatema, akaongeza chokaa au hakuongeza. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Wiki ya pili, hakuna. Mjini walianza kuninong'ona kwamba Yasoji amerukwa na akili, anakoroga maiti. Kuna jioni nililia humu ndani, machozi yakaingia mtungini, na bibi akasema kwa ukali, "Chumvi haihitajiki." Lakini alinimiminia chai.

Siku ya thelathini na saba nilikuja moja kwa moja kutoka uwanjani, nimevaa jezi yangu ya njano. Nikafunua kifuniko. Katikati ya mtungi kulikuwa na povu la zambarau, dogo kama kikombe cha chai. Nikapiga ukelele ambao sijawahi kuupiga hata kwa goli. Bibi Fumie akaja, akainama, akaonja. Safari hii hakutema. Alifumba macho, akameza.

Kisha akaingiza mkono wote mtungini. Nikajua leo nazabwa kofi la haki. Akazunguka nyuma yangu akanipiga mgongoni, pa! Nguvu zote. Akauacha mkono hapo hapo. Nikahisi vidole vitano kupitia kitambaa, vimelowa, na hakuuondoa mapema.

Nilipoivua jezi tukaitazama pamoja. Kiganja kilikuwa cha kijani. Tukasubiri kigeuke buluu kama kawaida. Tukasubiri, wapi! Nili juu ya njano inabaki kijani.

"Hii haigeuki," akasema. "Kaa nayo hivyo hivyo, uikumbuke barua." Halafu akacheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Nilidaka na jezi ile misimu kumi na mmoja. Klabu ikakua, ikaja kuwa ya kulipwa, ikajenga uwanja wenye mataa na viti vya kukunja. Watu wa matangazo wakataka kukikuza kile kiganja kionekane vizuri kwenye televisheni. Nikawaambia thubutu! Mkono ule ulikuwa mdogo, na utabaki mdogo. Bibi Fumie alipofariki, akiwa na miaka tisini na sita, nilikwenda kumuaga nimevaa koti jeusi kama wenzangu, na ndani yake jezi ya njano. Nilisimama mbele ya picha yake na mkono wake ukiwa mgongoni mwangu.

Na tangu siku ile ua liliporudi, hakuna kipa wa Tokinami anayepewa kiganja kabla hajaukoroga mtungi huu wakati wa baridi, ua linapolala, mpaka uchanue. Wachezaji wengine huvaa ushindi wa siku moja. Kipa huvaa siku thelathini na saba. Mtungi ni ule ule, haujamwagwa, na anayeutunza sasa ni Sanae, binti yake, huyo hapo anayejifanya hasikii. Mkono wake ni mdogo kama wa mama yake, na kofi lake nimeambiwa ni kali zaidi.

Haya Nagamine, jezi yako hiyo hapo msumarini, mgongo mtupu. Mwiko huu hapa. Taratibu, mwanangu, mpaka chini kabisa, usiingize upepo. Naam. Hivyo hivyo. Na hiyo barua inayochungulia mfukoni mwa koti lako, naona hata hujaifungua, kabla hujaendelea, itoe uisome.